Vibanda Kumi, Mteja Mmoja

Majuzi alinijia nyumbani, hapa Malindi, kijana mmoja niliyepata kumsomesha na ambaye sasa yuko chuo kikuu. Baada ya maamkizi alifungua daftari lililojaa hesabu, akasema: “Mwalimu, nataka kuanzisha tovuti kumi. Je, zitatosha kunipa riziki ya kila mwezi bila ya kungojea kuajiriwa?”

Kwa wasioifahamu biashara hiyo, ni udalali uliovaa nguo mpya. Mwenye tovuti huandika makala kuhusu bidhaa ambazo si zake: simu, viatu, vitabu, vyumba vya hoteli. Msomaji akifuata njia aliyoonyeshwa katika makala hadi kwa muuzaji, akanunua, mwandishi hulipwa asilimia fulani ya bei. Kampuni ya Amazon ilianza kuwalipa watu hivyo mwaka wa 1996. Kwetu pwani jambo hilo si geni. Kijana wa ufuoni anayemwongoza mgeni hadi duka la vinyago, kisha akarudi jioni kuchukua chake kwa mwenye duka, hafanyi kazi nyingine ila hiyo.

Sikumcheka, wala sioni kwa nini mtu amcheke. Ajira ni haba, na kijana anayetafuta riziki kwa kalamu na akili yake anastahili kusikilizwa. Tena swali lake lina mantiki: anayetaka tovuti kumi anajua kwamba moja yaweza kufa. Ila nadhani amehesabu kitu ambacho si cha kuhesabiwa.

Tuutazame mji wetu. Chukua nyumba yoyote ya Malindi ambayo baba huendesha teksi, mama huuza vinyago na kanga, na mwana ni mpishi katika jumba la Mwitaliano. Waulize, watakwambia wana mapato matatu. La hasha! Wana pato moja, nalo ni mgeni anayeshuka kwenye ndege. Ghasia zilipozuka Likoni mwezi wa Agosti 1997, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa, wageni walipungua na mapato yote matatu yakanywea kwa pamoja. Ikawa vivyo hivyo baada ya bomu la Kikambala la tarehe 28 Novemba 2002, baada ya machafuko ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na tena mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipozifungia ndege. Vibanda vyaweza kuwa vitatu au kumi. Iwapo mteja ni mmoja, kibanda ni kimoja.

Tovuti nazo ziko hivyo. Tovuti kumi zinazongojea wasomaji wote waletwe na Google, na zinazolipwa zote na kampuni moja, ni tovuti moja yenye majina kumi. Wenye umri wangu wanakikumbuka kivuko cha Kilifi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka wa 1991. Magari ya Mombasa na Malindi yalipanga foleni yakisubiri feri, na wachuuzi wakawauzia abiria korosho na madafu. Daraja lilipofunguliwa magari yakapita bila ya kusimama. Mchuuzi wa sinia moja na mchuuzi wa masinia matano walipoteza soko siku moja, kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na sauti juu ya barabara. Google ni kivuko cha leo. Ilipobadilisha taratibu zake za kupanga tovuti mwaka wa 2011, na tena mwaka wa 2023, wengi waliokuwa wakisomwa na maelfu waliamka asubuhi wakajikuta hawana msomaji.

Hata malipo yenyewe hayamo mkononi mwa dalali. Mwezi wa Aprili 2020 Amazon ilipunguza asilimia aliyolipwa mleta mnunuzi wa samani kutoka 8 hadi 3. Aliyekuwa akipata shilingi 1,600 kwa bidhaa ya shilingi 20,000 akaanza kupata 600, hali kazi ni ile ile. Na mwezi huo huo wa Aprili ndio serikali ilipopiga marufuku kuingia na kutoka katika kaunti ya Kilifi. Kijana wa Malindi aliyekuwa na kibanda ufuoni na tovuti ya samani alipigwa pande zote mbili.

Kisha kuna hesabu ya wakati, ambayo haikuwamo katika daftari la kijana wangu. Tuseme mwanafunzi anaweza kuiba saa ishirini kwa juma kutoka katika masomo yake, na makala moja nzuri yamchukua saa tano. Hayo ni makala manne kwa juma, takriban mia mbili kwa mwaka. Akiyaweka katika tovuti moja, atakuwa amejenga maktaba ndogo. Akiyagawa kwa kumi, kila moja itapata makala ishirini tu, huku akilipa ada kumi kila mwaka ili majina yake yasifutwe. Njia mbili zilimshinda fisi; sembuse kumi?

Jibu, kwa maoni yangu, liko katika mashamba yetu. Mkulima wa Kaloleni hapandi minazi kumi ya kuanzia akaita kila mmoja shamba. Hupanda mnazi, na akijua kwamba utamkawiza miaka sita au zaidi, hupanda muhogo na mahindi chini yake, na pengine mkorosho na mwembe kando. Hii si mimea mingi tu, bali ni mimea isiyougua ugonjwa mmoja wala kungojea soko moja. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipoporomoka katika miaka ya 1990, waliokuwa na mikorosho mitupu walibaki mikononi mwa walanguzi. Mwenye mnazi na muhogo alilalamika, lakini alikula.

Kwa hiyo nilipobanwa nitaje idadi, nilisema: moja kwanza, mpaka isimame. Kisha ya pili, lakini yenye mzizi mwingine: kama ya kwanza yahusu nyumba za wageni za Watamu na magofu ya Gede, ya pili isiwahusu wageni kabisa, iwe ya vitabu vya shule au zana za kilimo, ilipwe na kampuni nyingine, na isomwe na watu wanaoijua kwa jina badala ya kuletwa na Google. Ya tatu ingoje hadi mbili hizo zimlipe mtu wa kumsaidia.

Kijana alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikuweza kulipuuza: “Lakini mwalimu, karo ni ya muhula ujao.” Hapo ndipo penye uchungu. Mnazi haulipi karo ya muhula ujao, na tovuti changa pia hailipi. Anayeahidiwa vingine anauziwa ndoto, na wauzaji wa ndoto hizo wanapata zaidi ya wanunuzi wao. Karo na itafutwe kwa muhogo: kufundisha watoto jirani jioni, kufuga kuku, kuchapa kazi za watu. Tovuti iwe mnazi.

Walimu wenzangu, maswali haya yatatujia zaidi na zaidi, na kuyajibu kwa dharau hakufai. Tunafundisha asilimia darasani. Basi tuwafundishe wanafunzi kuuliza asilimia hiyo hupangwa na nani, na yaweza kupunguzwa lini. Tuwafunze pia kwamba dalali anayesifu asichokijua hupata mnunuzi mara moja tu. Wahenga walinena, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Biashara hii yote ni ya kutegemea cha ndugu. Basi anayeiingia na aiingie akijua ni ndugu wangapi anaowategemea, maana idadi hiyo ndiyo ya kuandika kwanza katika daftari.