Kanseri imepona, lakini kichwa?

Bandugu, OMS inasema: mu nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kwa 100 wenye kanseri wanapona. Mu nchi nyingi maskini hawafike 30. Tunapigania dawa, ni vizuri. Lakini ule mwenye kupona, nani anamuangalia?

Anafikisha miaka 20. Jicho moja waliondoa, ao kovu iko ku tumbo. Kila homa anawaza ugonjwa umerudia. Jirani wanasema ni bulozi. Akitafuta kazi, anaogopa vizite ya monganga. Ananyamaza, na wazazi wananyamaza naye.

Saikologi haiko mu kila mji wa migodi. Telefone iko. Kuzungumuza kwa video ao kwa sauti tu, kila juma, na muntu mwenye kusomea ile kazi, kunapunguza woga.

Madelege, tuombe kompanyi ilipe saikologi, itoe mega, na chumba chenye kufungwa ku hospitali, maana nyumba zetu hazina siri. Na yenye kusemwa mule isifike kwa wakubwa wa kazi.

Sheria ya kazi ya 2002 inalazimisha mwajiri atunze mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa. Kichwa nacho kinagonjwaka.