PAKA WA NYUMBA HAINGWA, MBONA TWAMPA SUMU?

Wahenga walinena kuwa paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Sisi hatumfukuzi, tunamuua! Tena tunamuua kwa mkono ule ule unaomtupia kichwa cha samaki, kisha twaulizana, "Jamani, huyu paka amepatwa na nini?"

Adui nambari moja ni sumu ya panya. Mtu akiona gunia la mahindi limetobolewa, mbio dukani! Anarudi na kipakiti, anachanganya na unga, anatega usiku. Panya anakula, lakini hafi papo hapo. Sumu zile zinazozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kuua. Siku hizo panya hujikokota kama mlevi, na paka humnyaka bila taabu. Paka akila panya wa aina hiyo, sumu nayo humwingia. Damu humvujia ndani kwa ndani, fizi zikapauka, naye akajificha mvunguni akafia huko. Kumbe mwenye nyumba amemtegea mwizi, akamuua askari!

Najua wapo watakaosema, "Ati paka! Kwani tuwaache panya wamalize mahindi?" La hasha! Hebu tupige hesabu. Panya hubeba mimba siku 21 hadi 23 tu, akazaa watoto wengi kwa mpigo. Paka hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Je, sumu ikiwafagia wote, ni nani atakayerudi kwanza? Panya wachache waliosalia watajaza ghala upya kabla hujapata paka mwingine. Paka akiondoka, panya hutawala.

Sumu si ya panya pekee. Paka hujilamba mwili mzima, kwa hivyo chochote kimwagikacho kwenye manyoya yake huishia tumboni, yawe ni mafuta ya taa au dawa ya kusafishia choo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humfanya atetemeke hata afe. Wengine humhurumia akiugua, wakampa paracetamol. Huruma hiyo ni kaburi! Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la binadamu, na kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Hata mchuzi uliobaki una hatari yake, kwani vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi ama vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuzibe matundu ya ghala na tuhifadhi nafaka katika mapipa ya bati yenye vifuniko. Panya asiyepata chakula hakai. Pili, tutumie mitego. Tatu, ikibidi kutumia sumu, iwekwe mahali ambapo paka hafiki, na kila panya aliyekufa aokotwe na kuzikwa shimo refu. Nne, tusinunue ile sumu ya wachuuzi isiyo na jina wala maelezo. Paka akiila, daktari wa mifugo atatibu nini asichokijua? Sumu ya kuzuia damu kuganda ina dawa yake, vitamini K, mradi mgonjwa afikishwe mapema pamoja na kile kipakiti. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, utamwongezea balaa.

Huenda msomaji akacheka, akisema hizi ni porojo za paka tu. Cheka, lakini kumbuka jambo moja. Mahali paka anapofikisha ulimi, mtoto anayetambaa hufikisha mkono. Unga wenye sumu ulio chini ya kabati haumchagui wa kumuua. Nyumba iliyo salama kwa paka ni salama kwa mdogo wako pia. Tahadhari kabla ya hatari!