Vumbi la Msasa Lisilale na Watoto

Msasa ulikuwa jina la mti kabla haujawa jina la karatasi. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na wachongaji waliyatumia tangu zamani kulainishia mbao, kabla karatasi ya dukani haijaingia. Lugha nayo ikauchukua msasa ikaupeleka hata kwenye mambo yasiyoshikika: shairi hupigwa msasa, hotuba hupigwa msasa, mswada wa sheria vilevile. Katika vijia vya Kibera na ploti za Kawangware, jijini Nairobi, msasa ungali kazi ya mikono, ila kinachosuguliwa si mvule wala mninga. Ni aluminiamu ya injini: kifuniko cha vali cha gari kuukuu, bomba la kuingizia hewa, sampu ya oili, kava ya ubavuni mwa injini ya bodaboda. Kazi hii ni halali, ina ustadi na inaleta ugali mezani. Lakini inapofanywa kwa mashine ndani ya chumba ambamo watu hulala na kupika, inadai malipo ambayo fundi hakuyapigia hesabu, na jukumu la kuitoa chumbani humo haliwezi kuachwa mabegani mwake peke yake.

Anayeidharau kazi hii hajaitazama kwa makini. Aluminiamu ikiguswa na hewa hujifunika papo hapo kwa utando wa oksaidi, mwembamba kiasi cha nanomita chache. Utando huo huilinda isiliwe kama chuma kiliwavyo na kutu. Ila miaka ya joto, oili na matope huifanya ngozi ya kipuri iwe na rangi ya majivu, na kipuri kilichosubiwa katika kalibu ya mchanga huwa na vipele tangu siku kilipozaliwa. Fundi huanza kwa kukiosha mafuta yote. Wapo wanaokimbilia kostiki soda kwa kuwa ni rahisi na ina nguvu, kumbe soda hiyo huila aluminiamu yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Baada ya kuosha huja msasa: namba 80 au 120 kwanza, kisha 240, 400, 600, 800, 1000, pengine hadi 2000. Kila namba hufuta mikwaruzo iliyoachwa na iliyotangulia, na anayeruka moja ili awahi kumaliza atayaona makosa yake pale mng'ao unapoanza kutokea. Mwisho huja gurudumu la kitambaa lililofungwa kwenye mota au grinda, likipakwa nta ya kung'arishia. Fundi mzuri huziba kila tundu kabla ya kuanza, maana chembe moja ya msasa ikiingia kwenye njia ya oili itakuja kutafuna beringi. Vilevile hagusi uso unaokutana na gasketi, kwa sababu uso huo ukipoteza unyoofu wake injini itavuja. Vijiani maarifa haya hayasomwi vitabuni. Mkubwa humwonyesha mdogo.

Watu watasema ni pambo tu. Ni kweli, injini haipoi zaidi kwa kung'aa. Uso uliofifia hata hutoa joto vizuri zaidi kuliko uliong'arishwa. Lakini pambo ni biashara, hasa katika mji ambao matatu zake zimepata sifa kwa urembo. Injini safi humsaidia mwenye gari kuona uvujaji mapema, na humpandishia bei siku ya kuuza. Tena mng'ao haudumu. Usipokingwa kwa vanishi au nta hurudi kufifia, na mteja hurudi kwa fundi.

Msasa unaposuguliwa kwa mkono ukiwa umelowa maji, vumbi hubaki ndani ya maji. Grinda inapounguruma mambo hubadilika. Chembe ndogo kabisa, zile zisizoonekana isipokuwa kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la bati, huelea kwa saa nyingi. Aluminiamu ya injini aghalabu huchanganywa na silikoni na shaba, kwa hiyo kinachovutwa puani si metali moja. Nta yenyewe haiko salama: ile ya kahawia iitwayo tripoli imetengenezwa kwa silika iliyosagwa laini, na vumbi la silika ndilo linalosababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiotibika ambao pia humwongezea mtu uwezekano wa kushikwa na kifua kikuu. Huko Ujerumani, miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari waliandika kuhusu mapafu ya wafanyakazi wa viwanda vya unga wa aluminiamu yaliyogeuka makovu.

Kisha kuna moto. Tarehe 2 Agosti 2014, katika mji wa Kunshan nchini China, kiwanda cha kung'arisha rimu za aluminiamu za magari kililipuka. Waliokufa, pamoja na walioaga baadaye kwa majeraha ya kuungua, walifika 146. Hawakuwa wakitengeneza baruti. Walikuwa wakisugua rimu, kazi ileile inayofanyika huku kwetu. Uchunguzi wa serikali ya China ulieleza kwamba unga wa aluminiamu uliorundikana kwenye mtambo wa kukusanyia vumbi ulipata unyevu, ukapata joto wenyewe kwa wenyewe, ukawaka. Hoja ya unyevu inatuhusu sana, kwa sababu desturi ya kukusanya vumbi kwenye mkebe na kuufunika, likisubiri kuuzwa au kutupwa, ndiyo hasa inayoukusanya unga, maji na haidrojeni mahali pamoja.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili jibu la haki. Kunshan kilikuwa kiwanda chenye mamia ya watu na vumbi la miezi; chumba cha Gatwekera au Laini Saba, Kibera, kina fundi mmoja na vipuri viwili kwa wiki. Nakubali. Mlipuko wa namna ile hauwezi kutokea kwa vijiko vichache vya unga, na kumtisha fundi kwa maiti 146 pasipo kumweleza tofauti hiyo si uungwana. Ila chumba kidogo kina hatari ya aina yake. Nyumba ya futi 10 kwa 10 ina jiko la makaa au la mafuta ya taa, ina pazia, ina godoro, na ukuta wake ndio ukuta wa jirani. Grinda iliyokata mlango wa chuma asubuhi ndiyo inayong'arisha aluminiamu jioni. Kutu na unga wa aluminiamu ni mchanganyiko uleule mafundi wa reli wanaoutumia kuunganishia vyuma vya njia ya gari moshi, kwa kuwa ukiwaka hupita nyuzi 2,000 za selsiasi. Na moto wa aluminiamu ukimwagiwa maji huongezeka. Unataka mchanga mkavu. Jirani anayekuja mbio na ndoo, kama utu unavyomtaka, ataleta madhara. Gari la zimamoto nalo haliwezi kupita katika vijia vingi vya Kibera.

Pingamizi la pili ndilo linalosikika zaidi: aluminiamu tunaipikia kila siku, itakuwaje sumu? Jibu ni kwamba si kila aluminiamu ni aluminiamu tupu. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya kupikia kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi vilipochemshiwa kimiminika chenye asidi, kama ulivyo mchuzi wa nyanya. Chanzo kilichotajwa ni vyuma chakavu vinavyoyeyushwa pamoja bila kuchambuliwa, vipuri vya magari vikiwamo. Kifuniko cha vali kilichotoka kiwandani Japani hakina shaka kubwa, kwa sababu mchanganyiko wake ulipimwa. Shaka iko kwenye kipuri kilichosubiwa upya kutoka kwenye lundo la chakavu, kwenye rangi ya zamani iliyoganda juu yake, na kwenye masizi ya injini zilizokunywa petroli yenye risasi kabla Kenya haijaachana nayo kufikia mwaka 2006. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto.

Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza jinsi vumbi la kazini linavyofika kitandani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasambazia wakazi risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, na kutoka hapo akaanzisha vita vya miaka mingi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kung'arisha kifuniko cha vali hakulingani na kuyeyusha betri, na sitaki mtu asome hivyo. Ninachokichukua Owino Uhuru ni mapito ya vumbi: nguo, nywele, mikono, matandiko, kisha kinywa cha mtoto anayetambaa. Kule kulikuwa na angalau umbali kati ya mlango wa kiwanda na mlango wa nyumba. Katika chumba cha fundi milango hiyo miwili ni mlango mmoja.

Mbona basi fundi asitoke nje? Hapa ndipo wengi wanaotoa ushauri kutoka ofisini hukosea. Mota na grinda vikiachwa kwenye kibanda cha mabati huibwa. Kibanda kando ya barabara hubomolewa siku askari wa kanjo wanapoamua. Kodi ya pili, juu ya ile ya nyumba, huimeza faida ya wiki. Stima iko nyumbani, hata kama waya wenyewe una mashaka. Mtu anayefanyia kazi chumbani hajakosa akili. Amezipima hatari alizozijua na kuikubali ile asiyoiona. Kwa hiyo amri ya kupiga marufuku itazaa jambo moja tu: grinda itawashwa usiku, dirisha likiwa limefungwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe na pawe na hewa ya kutosha. Ile ya fidia ya majeraha ya kazini, ya mwaka huohuo, humkinga aliyeajiriwa. Fundi anayejiajiri chumbani mwake yumo katika ya kwanza kwenye karatasi tu, wala hana haki katika ya pili. Hali hii haikutokana na kutomjua. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, serikali imekuwa ikikiri kwamba jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, ni uchumi kamili. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na vibanda vya Nyayo vikaanza kujengwa. Mwaka 2012 ikatungwa sheria ya biashara ndogo na mamlaka yake. Vituo vya viwanda vya maeneobunge vilijengwa pia, na vingi vikakaa bila mashine wala wateja. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini karakana nyingine, kama ninayoipendekeza hapa chini, ifanikiwe. Naona vile vilishindwa kwa sababu vilijengwa ardhi ilipopatikana, wala si fundi alipo. Mtu wa Lindi, Kibera, hatabeba sampu kwenda ng'ambo ya mji, atarudi chumbani.

Kibera na Kawangware pia hazitibiwi kwa dawa moja. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali, mbali na ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hatimiliki yake mwaka 2017. Serikali ikitaka kutenga kiwanja kando ya Kibera Drive, inajihitaji yenyewe tu. Wachongaji wa mifupa na pembe wa Kibera wana shida ileile ya vumbi la gurudumu, na karakana moja yenye vyumba tofauti ingewafaa wote. Kawangware ni mambo mengine: ploti ni za watu binafsi, na mwenye ploti ndiye anayeamua. Hapo Kaunti ingezungumza na wenye ploti, iwapunguzie ada wale wanaotenga chumba kimoja cha uani kiwe cha mashine, chenye mlango wa kufuli, mita yake ya stima, feni ya kuvuta vumbi kwenda nje na ndoo ya mchanga. Fundi alipe kwa saa, kama alipavyo bafu la umma. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya hospitali, na huo ndio ulinganisho unaofaa kwa wanaosema Kibera inahitaji vyoo kwanza. Vyoo inavihitaji, na mapafu pia.

Chumba hicho hakitajengwa kesho. Hadi hapo, fundi anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa msasa wa maji na mkono, nje ya mlango, bila mashine. Itachukua siku mbili badala ya moja, na mteja alipe hizo siku mbili. Maji ya msasa yasimwagwe kwenye mkebe wenye kifuniko, na tope lake liachwe likauke mahali pa wazi, mbali na jiko. Grinda ya kukatia chuma isiguse aluminiamu. Nguo za kazi zisiingie kwenye beseni moja na nepi. Na barakoa iwe ile ya kuchuja chembe, inayobana usoni, kwa sababu kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe unazoziona na kuziacha zinazoua zipite.