Nyimbo za Usiku wa Manane na Uvumi Unaozifuata

Muziki wa Marekani una nyimbo nyingi zilizopewa majina ya saa za usiku, na karibu kila moja inafuatwa na uvumi. Uvumi huo una madhara: unawanyang'anya watunzi jasho lao. Haya hapa madai manne yanayosikika sana, na sababu za kuyakataa.

Dai la kwanza: namba za "25 or 6 to 4" ni fumbo la dawa za kulevya.

Si kweli. Robert Lamm wa bendi ya Chicago, aliyeutunga wimbo huo wa mwaka 1970, ameeleza kwamba alikuwa amekesha akitunga, akatupia macho saa, na zilikuwa zimebaki dakika 25 au 26 kufika saa kumi alfajiri. Wimbo unahusu kazi yenyewe ya kutunga huku usingizi ukimlemea mtu. Anayeng'ang'ania fumbo alete ushahidi unaouzidi wa mtunzi.

Dai la pili: katika "Midnight Train to Georgia", Gladys Knight anasimulia maisha yake.

Ni rahisi kuamini hivyo, kwa kuwa Knight ni mzaliwa wa Atlanta, Georgia. Lakini mtunzi ni Jim Weatherly. Siku moja alipiga simu kwa rafiki yake, akapokea Farrah Fawcett, aliyemwambia kwamba anafunga mizigo apande ndege ya saa sita usiku kwenda Houston. Wimbo ukaanza na ndege na Houston. Treni na Georgia viliingia Cissy Houston, mama yake Whitney, alipokwenda kuurekodi. Knight na kundi lake la Pips waliufikisha kileleni mwaka 1973, nao wanastahili sifa ya kuuimba, si ya kuuishi.

Dai la tatu: "'Round Midnight" ni wa Miles Davis.

Miles aliupiga kwa ufundi mkubwa, na mwaka 1957 akatoa albamu iliyobeba jina linalokaribiana nao. Mtunzi, hata hivyo, ni mpiga piano Thelonious Monk. Bendi ya Cootie Williams iliurekodi mwaka 1944, na Monk mwenyewe mwaka 1947.

Dai la nne: nyimbo za albamu ya Frank Sinatra, "In the Wee Small Hours", zilitungwa kutokana na kuachana kwake na Ava Gardner.

Dai hili ndilo lenye nguvu zaidi, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Albamu ilipotoka mwaka 1955, wawili hao walikwisha tengana, na majonzi yanasikika katika sauti. Lakini Cole Porter alitunga "What Is This Thing Called Love?" mwaka 1929, na "Mood Indigo" ya Duke Ellington ni ya mwaka 1930. Sinatra, aliyezaliwa Desemba 1915, alikuwa bado mtoto. Hata wimbo uliobeba jina la albamu ni wa David Mann na Bob Hilliard. Kilichozifanya nyimbo 16 zisikike kama usiku mmoja wa mtu asiyepata usingizi ni uteuzi makini, sauti iliyotulia, na mpangilio wa ala wa Nelson Riddle. Maumivu hayapangi vinanda. Watu waliojua kazi yao ndio walioipanga albamu hiyo, na ndiyo maana imedumu kuliko habari za ndoa ile.

Basi, msomaji, kabla hujasambaza kisa cha wimbo, soma kwanza jina la mtunzi kwenye jalada. Mwimbaji apewe sifa ya sauti yake, mpangaji ya ala zake, na mtunzi ya utunzi wake. Hiyo ni haki yao, na si haki ya kuombwa.