Waliounguliwa Wasaidiwe, Kilimo Kisisimame

KIANGAZI kinapokomaa katika wilaya za Handeni na Korogwe, kijinga kimoja kilichosahauliwa na mrina asali, au moto wa mkulima anayesafisha nusu eka, hutosha kuleta maafa. Upepo ukiingia kati, moto huo huvuka vijito vilivyokauka na kufika uani kwa mtu asiyejua hata ulikoanzia. Wananchi wa Kang'ata, kama wenzao wa vijiji vingi vya Uziguani, hawahitaji kufundishwa habari za moto kichaa. Tunalotaka kulizungumza leo ni siku zinazofuata, majivu yakisha kupoa.

Hebu tufikiri kwa makini aliyeunguliwa amepoteza nini. Mahindi ya masika huvunwa katikati ya mwaka, na moto huja baada ya hapo. Kwa hiyo ghala linaloungua ni ghala lililojaa. Familia hiyo haikupoteza chakula cha juma moja. Imepoteza chakula cha miezi, na mbegu pamoja nacho. Tena moto ule ule uliokula nyumba ndio uliokula nyasi za kuezekea na fito za kujengea, hata mwenye nguvu za kujenga upya akawa hana cha kujengea kilicho karibu.

Ndiyo maana sisi tunasema kwamba blanketi moja na debe la unga, ingawa ni jambo la kushukuru, si msaada uliokamilika. (Na wapo viongozi ambao hufika penye maafa na wapiga picha wengi kuliko magunia.) Mtu aliyeunguliwa mwezi Septemba ana majuma machache tu kabla ya mvua za vuli. Zikimkuta hana jembe, hana mbegu wala paa, moto wa siku moja utamgharimu mwaka mzima.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu majuma hayo hayo ndiyo ya majirani zake kutayarisha mashamba yao. Siku mbili tatu za kwanza ni haki kila mtu aache kazi yake. Lakini kijiji kizima kikiacha kulima kwa ajili ya nyumba tano zilizoungua, baadaye patakuwa na njaa ya kijiji kizima, na wale watano hawatapata hata wa kuwakopesha kibaba. Kwa upande mwingine wapo wanaorudi mashambani mwao siku ya pili yake na kuiachia Serikali kila kitu. Hao nao wanakosea.

Mkoa wa Tanga unaujua msaragambo. Mabalozi na wenyeviti wa vitongoji wapange zamu: siku moja kwa juma, kila kaya itoe mtu mmoja, na siku zilizobaki kila mtu awe shambani kwake. Nyasi zikatwe upande ambao haukuungua, paa liezekwe, kisha shamba la aliyeunguliwa lilimwe kabla ya mvua. Kila kaya itenge pishi ya mbegu. Watoto waendelee na masomo, na mwalimu asimrudishe nyumbani mtoto ambaye sare yake imeteketea.

Jambo hili linawezekana. Moto ulipozuka katika Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba, 2020, taifa lilikuwa katika kampeni za Uchaguzi Mkuu wa tarehe 28. Kampeni ziliendelea, na moto haukuachwa. Watumishi wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji walipanda mlimani kwa mamia kuupiga. Hata hivyo mlima hauna ghala. Kule, moto ukizimwa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kijijini ndipo kazi inapoanza. Huko Australia, nchi yenye mali nyingi kuliko sisi, moto wa Februari 2009 katika jimbo la Victoria uliua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000, na kazi ya kujenga upya ilichukua miaka.

Lipo na suala la aliyewasha. Mara nyingi anajulikana, naye ni jirani au ndugu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuwasha moto ovyo, nayo ifuate mkondo wake bila kuoneana haya. Lakini siku ya msaragambo mtu huyo asijifiche nyumbani. Awe wa kwanza kufika na jembe lake katika shamba la aliyemuunguza.

Serikali nayo ina wajibu wake, na kamati za maafa hazikuwekwa ili zikutane baada ya mvua kunyesha. Halmashauri ya kijiji ipeleke wilayani orodha ya waliounguliwa katika juma lile lile la moto, na orodha hiyo itaje kilo za mbegu na idadi ya majembe yanayotakiwa, siyo mablanketi peke yake.