Arubuni Kabla ya Masika

Kaskazi inakwisha. Sisi wa visiwani tumekwisha kuziona dalili zake, kwani upepo uliotuvumia tangu mwezi wa Disemba umelegea, tumeingia katika maleleji, wakati upepo unapogeuka, na kila ifikapo alasiri joto hutulia juu ya mapaa kama lisilokuwa na pa kwenda. Katika siku hizi, ukipita katika vijiji vya Unguja na Pemba, utawaona wanawake wakiuanua ukindu, wakiufunga vicha vicha na kuutundika mahali pakavu chini ya paa. Maana ukindu ukipatwa na unyevu wa masika huota koga, na ukindu wenye koga hauna mnunuzi wala haufai mkeka.

Nimelelewa katika nyumba iliyoishi kwa kazi hii, na kwa sababu hiyo naomba mnivumilie kidogo niieleze, ndugu zangu wananchi, kabla sijawatajia haja yangu. Kuti changa la mkindu, ambalo bado halijachanua, hukatwa na kuchanwa, kisha likachemshwa na kuanikwa juani mpaka likawa jeupe. Na ikitakikana rangi hurejeshwa chunguni, na wazee wetu, kabla ya kufika rangi za madukani, walitumia mdaa kwa weusi na ungamo kwa manjano. Ndipo uanzapo ukili, mshipi mwembamba wa kusuka, upana wake vidole vichache tu, ambao msusi huurefusha kwa kuchomeka ukindu mpya kila ule wa zamani unapokaribia kwisha, huku akizungumza na jirani yake na macho hayapo mikononi, akauzungusha duara unapozidi, akaupima kwa dhiraa na kwa pima. Mkeka mmoja ni ukili mrefu mno ulioshonwa ubavu kwa ubavu, na uhodari wa mshonaji hujulikana hapo, kwa kuwa nakshi ya mstari mmoja sharti ikutane sawasawa na nakshi ya mstari wa pili. Pitisha kidole juu ya mkeka wa fundi ukiwa umefumba macho: hutajua kiungo kilipo. Miyaa, iliyo migumu kuliko ukindu, ndiyo ya makapu ya shamba na ya majamvi, na juu ya majamvi hayo ndipo zilipoanikwa karafuu zilizoijenga nchi hii.

Kofia ya viua nayo ina saburi yake. Bafta hukatwa, nakshi ikachorwa, kisha kila tundu dogo likazungushiwa uzi kwa sindano, tundu baada ya tundu, mpaka kofia nzima ikajaa. Na kofia iliyo nzuri kweli huchukua miezi, kwani mwenye kuishona huishona baada ya shamba na baada ya jiko, katika saa ambazo wengine wamelala. Kofia za namna hii huvaliwa hapa kwetu, huvaliwa Mombasa na Lamu, na huvaliwa Oman, ambako ndugu zetu waliorejea huko walikwenda nazo vichwani.

Basi dhiki ya kazi hii iko wapi, maadamu mikono ipo na ujuzi upo? Mimi naiona katika hesabu ya mwaka. Wazee wetu waliugawa mwaka wa jua wa Nairuzi miongo 36, kila mwongo siku 10, wakaongeza siku 5 za gatha, zikatimia 365. Na kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini atupe mbegu na nahodha alijua lini atweke tanga. Ukindu hufuata mwaka huo wa jua: hukauka vizuri kiangazi, na masika, wakati shamba halikaliki kwa mvua, ndipo ukili unaposukwa kwa wingi majumbani. Lakini sisi wanunuzi tunafuata mwaka wa mwezi mwandamo, ambao hupungukiwa na ule wa jua kwa siku 10 au 11, na kwa hiyo Ramadhani na Idi huhama, zikayazunguka majira yote katika muda wa miaka takriban 33. Mwaka mmoja Idi huangukia mara baada ya ukili kushonwa, na mwaka mwingine humkuta msusi hana kitu. Naye katika hali zote mbili hutuona sisi katika siku kumi za mwisho za mfungo tu, tukija mbio, tukitaka kofia ya kesho na mkeka wa leo.

Na katikati ya hapo hula nini? Mwaka jana, katika mvua za mwezi wa Mei, nilikuwa nimekaa barazani kwa mama mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, nikingoja mvua ipungue. Akaja mchuuzi kutoka mjini. Mama akamtolea mikeka mitatu, akaikunjua mmoja mmoja juu ya sakafu aliyoifuta kwanza kwa upindo wa kanga yake. Mchuuzi akasema, "Mama, kwa mvua hii nani atanunua? Shika hizi, mimi mwenyewe najitia hasarani." Mama akatazama ndani, ambako sufuria lilikuwa limefunikwa na moto haujawashwa, akazichukua zile fedha bila ya kuzihesabu mbele yetu. Miezi ilipopita niliuona mkeka mmoja wa mikeka ile mjini, na niliujua kwa nakshi yake, ukiuzwa kwa bei ambayo mama yule hajapata kuitaja maishani mwake. Simlaumu sana mchuuzi, kwa maana naye anatafuta riziki na alikuja siku ya mvua. Sisi wengine hatukuja.

Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, wengi tulidhani kuwa siku ya kikapu imerejea. Kilichorejea ni "mifuko mbadala," ambayo mingi asili yake ni plastiki ile ile iliyobadilishwa sura, nasi tukaipokea kwa kuwa ilikuwa tayari kauntani na kikapu hakikuwa tayari. Na kisingekuwa tayari, maana hakuna aliyekwenda mapema kumwambia msusi asuke vikapu.

Rai yangu kwenu, basi, ni ya kutoa arubuni. Kila nyumba itakayohitaji kofia za Idi, kila mzazi anayekusudia kuoza mwaka huu na atakayetaka mikeka ya bibi harusi, kila mwenye mikarafuu atakayetaka majamvi, na amwendee fundi sasa, wapatane bei iliyo ya haki, na ampe nusu yake mkononi. Kamati za misikiti zinazonunua mikeka ya plastiki kila baada ya muda mfupi nazo ziagize misala ya ukindu, na wenzetu wa mabarazani wanaochangiana kwa mambo mengi wachangiane kwa hili, ili mtu asiyekuwa na uwezo wa kuagiza peke yake aagize pamoja na wenziwe. Wako watakaosema kuwa fundi ataila arubuni na kazi isionekane. Nami nawauliza: fundi cherehani tunayempelekea kitambaa cha kanzu si tunampa arubuni, na tukalala bila ya wasiwasi? Kwa nini mwanamke wa kijijini, ambaye nyumba yake tunaijua na watoto wake tunawajua, aaminiwe kidogo kuliko mwanamume mwenye duka?

Vijana nao wana lao, nalo ni kuilinda mikindu. Mabonde yenye mikindu yanafukiwa kwa ujenzi, na mahali pengine mkataji huondoa makuti machanga yote, mti ukafa. Yeyote mwenye kipande cha ardhi yenye maji asiichimbue mikindu iliyopo, na apande mingine. Na mkataji aache kuti katika kila shina.

Mvua ya kwanza haijanyesha bado, njia za vijijini ni kavu, na ukindu umetundikwa chini ya paa, umefungwa, unangoja. Shime, nendeni wiki hii, na mkononi muwe na arubuni.