Mji unapokua, mtoto anasikia nini?

Saa kumi na moja alfajiri, Maili Moja, Kibaha. Zamani mtoto wa hapa aliamshwa na jogoo, kisha adhana, kisha fagio la mama uani. Leo jogoo bado anawika, ila anashindana na bodaboda, malori ya Barabara ya Morogoro na kondakta anayeita abiria wa Mbezi. Jua likipanda kidogo, fundi mageti naye anaanza kukata vyuma.

Hakuna wa kumlaumu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban milioni 1.1 mkoani Pwani. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2. Kibaha ipo kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, na barabara kutoka Kimara imepanuliwa. Anayefanya kazi jijini anaweza kujenga huku na kulea huku.

Tena zipo sauti zilizopotea ambazo hakuna mama anayezililia. Kisarawe, watu waliamka usiku kutafuta maji, madumu matupu yakigongana kwenye baiskeli na mikokoteni. Mwaka 2020 mradi wa maji wa Kibamba–Kisarawe ulizinduliwa. Kwa nyumba iliyofikiwa, sauti ya bomba likijaza ndoo ni muziki. Hata bodaboda inayonguruma usiku wa manane huenda inampeleka mjamzito hospitali.

Shida inaanza pale kelele inapoingia chumba cha mtoto na mzazi akaizoea.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, na kelele za mfululizo chumbani usiku zisizidi desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono. Sasa fikiria kigodoro mtaa wa pili, spika zinalia mpaka alfajiri. Asubuhi mtoto ananuna, anagombana na wenzake, anasinzia darasani. Nyumbani anaitwa mkorofi, kumbe hakulala.

Kelele hugusa hata kusoma. Mwaka 1975 watafiti wa New York, Marekani, walichapisha matokeo ya shule iliyokuwa kando ya reli. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Baadaye reli na madarasa vilipowekewa vitu vya kupunguza kelele, tofauti hiyo ikatoweka. Watoto walikuwa na akili zilezile. Kilichobadilika ni walichokuwa wakisikia.

Mzazi hawezi kuhamisha barabara, lakini anaweza kuhamisha kitanda. Mtoto alale chumba kilicho mbali na barabara au baa, hata kama ndicho kidogo. Televisheni izimwe wakati wa kazi za shule na baada ya chakula cha usiku. Mara nyingi kelele kubwa kuliko zote imo sebuleni. Muziki wa jirani ukizidi, azungumze naye kwanza kwa upole, mchana, siyo usiku hasira zikiwa juu. Ikishindikana, mwenyekiti wa mtaa yupo.

Lipo pia suala la usalama. Treni ya zamani ya dizeli ilijitangaza kwa honi na kishindo, na watoto walijifunza kuikwepa kwa masikio. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ikipita Soga na Ruvu, inaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Mtoto aambiwe wazi: uzio wa reli haurukwi, na vivuko vilivyojengwa ndivyo vya kupita. Vilevile, asitembee barabarani na spika za masikioni, maana bodaboda haitamsubiri amalize wimbo.

Mwisho, mtoto afundishwe kusikiliza. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, bado ina komba, na mmoja wao, komba mdogo wa Rondo, hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Bibi wa Kisarawe anaweza kutofautisha kilio cha komba na cha mtoto mchanga. Mjukuu wake huenda hajawahi kukisikia.

Jioni moja wiki hii, zima kila kitu kwa dakika kumi. Kaa na watoto barazani, kila mmoja ataje anachosikia na kinakotoka. Kisha bibi aeleze alichokuwa akisikia alipokuwa na umri wao. Kama hapo barazani mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane, mmeshajua kitanda cha mtoto kianzie wapi kuhama.